Baiskeli inagoma mlimani: dalili, sababu na namna ya kuzitatua

Anayeanza kupanda milima kwa baiskeli huwa na mshukiwa mmoja tu: mapafu yake. Akikwama, anasema hana pumzi. Ukimtazama kutoka pembeni, mara nyingi unaona mengine: gia imebadilishwa kwa kuchelewa, makalio yamekaa pasipofaa, tairi limejazwa upepo wa barabara ya lami. Pumzi huisha baadaye, kwa sababu hizo. Ndiyo maana mambo yamepangwa hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayoonekana mara nyingi ndiyo imetangulia. Usirukie sababu ya tatu kabla hujaiondoa ya kwanza.

Maelezo yanahusu baiskeli za milimani zenye gia na matairi ya upana wa inchi 2 hadi 2.4, ziwe mpya au za mtumba, kwenye njia za udongo, mawe na mizizi: vijia vya Usambara, mgongo wa Ngong, miteremko ya Bonde la Kerio. Baiskeli ya mizigo isiyo na gia ina kanuni zake, na kwenye mwinuko mkali kanuni ya kwanza ni kushuka na kuisukuma.

## Ukaguzi wa dakika tano, ukiwa bado tambarare

Matatizo mengi ya mlimani huanzia nyumbani. Ukikodi baiskeli getini mwa hifadhi ya Hell's Gate au kwingineko, fanya ukaguzi huu kabla ya kulipa.

1. Tandiko. Kaa, egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya wayo juu ya pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Usipandishe nguzo ya tandiko kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Ikipita, nguzo au fremu inaweza kuvunjika.
2. Upepo. Bonyeza matairi yote mawili. Tairi likiwa gumu kama jiwe, upepo ni mwingi; vipimo viko chini.
3. Breki. Inua baiskeli, zungusha kila gurudumu. Likisimama kabla ya mizunguko mitatu minne, kuna kitu kinalisugua.
4. Gia. Baiskeli ikiwa imeinuliwa, zungusha pedali kwa mkono, pitisha cheni kwenye gia zote hadi ile nyepesi kuliko zote. Hiyo ndiyo utakayoihitaji, na ndiyo ambayo watu hawaijaribu.
5. Krenki. Shika mikono yote miwili ya krenki, ile inayobeba pedali, itikise kushoto na kulia. Isicheze hata kidogo.

## Gurudumu la mbele linainuka au linatangatanga

Dalili huanza polepole. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, baiskeli inayumba kushoto na kulia hata ukiilazimisha kunyooka, kisha kwa mkanyago mmoja gurudumu linaacha ardhi.

Sababu ya kawaida ni kukaa nyuma. Mlima ukiinuka, uzito wako unahamia gurudumu la nyuma wenyewe bila kuombwa, kwa hiyo lazima uurudishe. Telezesha makalio mbele hadi ukae karibu na ncha ya tandiko. Hapastareheshi, ukiona panastarehesha, bado hujafika. Kunja viwiko vishuke karibu na mbavu, shusha kifua kuelekea usukani. Anayepanda akiwa amenyoosha mikono amejifunga nyuma hata kama makalio yamesogea.

Ya pili ni mikono inayovuta usukani kwenda juu. Ni jambo la silika: mguu unasukuma, mkono unavuta. Vuta, lakini uvute nyuma na chini, kuelekea nyonga. Mkono ukienda nyonga, tairi la mbele linabanwa ardhini. Ukienda kidevuni, linainuka.

Ya tatu inawashangaza wengi: gia nyepesi mno. Kwenye gia nyepesi kuliko zote, mkanyago mmoja wa ghafla una nguvu ya kutosha kuinua baiskeli. Kama umeshasogea mbele na bado inainuka, weka gia moja nzito zaidi na uzungushe taratibu.

Ukimaliza hayo matatu ndipo uguse vifaa. Legeza bolti iliyo chini ya tandiko, lisogeze mbele milimita 5, kaza, jaribu. Usivuke mistari ya mwisho kwenye reli zake. Kushusha shingo ya usukani kwa kuhamisha ringi kutoka chini kwenda juu yake kunasaidia pia, ila kukikosewa gololi za usukani zinalegea au zinabanwa kupita kiasi. Kama baada ya kukaza unasikia mgongano ukibana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, au kama bomba la usukani ni la kaboni, acha. Mpelekee fundi mwenye spana ya kupima nguvu ya kukaza.

Likishainuka na unaona huliwezi, usipigane nalo. Acha kukanyaga, bana breki ya nyuma, ondoa mguu upande wa juu wa mlima na utue. Kuanguka kinyumenyume ukiwa bado juu ya tandiko ndiko kunakovunja vifundo vya mikono.

## Gurudumu la nyuma linateleza

Hii ni pacha wa dalili iliyopita, na tiba ya moja huleta nyingine. Ukisogea mbele kupita kiasi ili kutuliza usukani, unaliacha tairi la nyuma bila uzito. Tafuta kilima kifupi chenye changarawe, ukipande mara kadhaa ukiwa umekaa, na ubadilishe kitu kimoja tu: mahali makalio yalipo. Sogea kidogo mbele, kidogo nyuma. Utakuta kuna eneo dogo ambapo usukani umetulia na tairi la nyuma bado linauma ardhi. Kadiri mlima unavyosimama, eneo hilo linapungua, hadi kwenye mwinuko mkali sana linabaki la upana wa vidole viwili. Kupanda kwa ufundi kwa sehemu kubwa ni kulipata eneo hilo haraka na kukaa ndani yake.

Baada ya hapo, sababu kwa mpangilio:

Umesimama wima juu ya pedali. Kusimama kunafaa kwenye lami na kwenye jiwe moja la kuvuka. Kwenye changarawe na vumbi, kaa. Kama ni lazima kusimama, makalio yabaki juu ya tandiko kwa sentimita chache tu, kifua kikiwa chini.

Unakanyaga kwa vishindo. Tairi huteleza pale nguvu inapokuja yote kwa mara moja, yaani mguu unapopita mbele. Jaribu kusukuma wayo mbele mapema, kabla pedali haijafika juu, na kuuvuta nyuma inapopita chini. Gia moja nzito zaidi husaidia hapa pia, kwa kuwa inapunguza ghafla ya mkanyago.

Upepo mwingi. Tairi gumu linagusa ardhi kwa eneo dogo na linadundia kila jiwe. Kwa tairi la inchi 2.2 lenye tyubu, mwenye kilo 60 hadi 75 aanze na psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 28 mbele na 30 nyuma. Mwenye kilo 75 hadi 90, psi 30 mbele na 33 nyuma. Kwa matairi yasiyo na tyubu punguza psi 4 hadi 6. Hata hivyo soma ubavuni mwa tairi: matairi mengi ya bei nafuu yameandikwa kiwango cha chini cha psi 40, na chini ya hapo usishuke. Ukipata pancha yenye matundu mawili madogo yaliyo sambamba, tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe. Ongeza psi 3. Pampu nyingi za vituo vya mafuta hujaza kwa kasi kubwa mno kwa tyubu ndogo, kwa hiyo jaza kwa sekunde moja moja ukipima.

Njia uliyochagua. Watu hutazama gurudumu la mbele likipita salama, wakasahau kwamba linalosukuma ni la nyuma, nalo kwenye kona hukata ndani kidogo. Tazama mita 4 hadi 6 mbele. Tafuta udongo ulioshikana, mara nyingi ukingoni mwa mkondo wa maji ya mvua, na ukwepe changarawe ya duara na mizizi inayolala mshazari. Mzizi uliolowa usiukate kwa pembe. Uvuke moja kwa moja, na usikanyage kwa nguvu tairi la nyuma likiwa juu yake.

Tairi lenyewe limekwisha au limefungwa kinyume. Vinundu vya katikati ya tairi vikishalingana na mpira ulio chini yake, hakuna ufundi utakaosaidia. Tazama mshale wa mwelekeo ubavuni. Kama una tairi moja tu zuri na linashika vizuri pembeni, lifunge mbele: kuteleza nyuma kunakuchosha, kuteleza mbele kunakuangusha.

Udongo. Udongo mwekundu wa milimani ukilowa juu tu, masika yanapoanza, huwa kama sabuni, lakini baada ya siku moja ya jua unapitika. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni habari nyingine. Unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linasimama, na ukiendelea kukanyaga kwa nguvu unaweza kung'oa kibadilisha gia cha nyuma. Hakuna mbinu. Shuka, ibebe baiskeli, safisha kwa kijiti, rudi ulikotoka.

## Pumzi inakata kabla ya nusu ya mlima

Kwanza, mwendo wa mwanzo. Anayeanza huingia mlimani na kasi ya tambarare na kujaribu kuilinda. Dakika mbili baadaye miguu inawaka. Theluthi ya kwanza ya mlima ipandwe kwa mwendo unaoweza kusema sentensi nzima bila kukatiza. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, umeshavuka. Ukipitwa hapo, waache wapite.

Pili, gia nzito. Hesabu inaonyesha vizuri zaidi kuliko maneno. Baiskeli ya magurudumu ya inchi 26, gia ya mbele yenye meno 22 na ya nyuma yenye meno 34, inasogea takriban mita 1.34 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ukizungusha mara 70 kwa dakika, unakwenda kilomita 5.6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Baiskeli hiyohiyo ikiwa kwenye 32 mbele na 28 nyuma, kwa mwendo uleule, unazungusha mara 40 tu, na kila mkanyago unahitaji nguvu karibu mara mbili. Misuli inashindwa kabla ya moyo. Lenga mizunguko 70 hadi 85 kwenye mlima wa kawaida; ikishuka chini ya 60, badilisha gia.

Hapa ndipo baiskeli nyingi za mtumba za gia 18 au 21 zinapoangusha watu: gia ya nyuma kubwa kuliko zote ina meno 28, na ile ndogo ya mbele imekatwa waya au haiingii, kwa hiyo mtu anapandia ya katikati bila kujua. Rekebisha ya mbele kwanza. Ikiwa bado ni nzito, muulize fundi kama friwili (fungu la gia za nyuma) ya meno 34 inaingia. Mara nyingi inaingia, lakini kibadilisha gia chenye mkono mfupi hakiwezi kuifikia, na cheni huenda ikahitaji pingili zaidi.

Tatu, tumbo tupu. Kwa safari ya chini ya saa moja na nusu, chakula ulichokula asubuhi kinatosha. Zaidi ya hapo, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina takriban gramu 25. Kashata na chapati kavu vinabebeka vizuri mfukoni. Anza kula dakika ya 40, usisubiri njaa. Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa, zaidi kidogo kwenye joto, pamoja na kitu chenye chumvi kama safari ni ndefu.

Nne, mwinuko kutoka usawa wa bahari. Mji wa Iten, Kenya, uko karibu mita 2,400, na hewa ya huko ina takriban robo tatu ya oksijeni anayovuta mtu wa Mombasa au Dar es Salaam. Ukitoka pwani, siku mbili tatu za kwanza panda kwa gia nyepesi kuliko ulivyozoea na usishindane na wenyeji.

Tano, breki inayosugua au gololi za gurudumu zilizokauka. Rudia namba 3 ya ukaguzi. Mara nyingi gurudumu tu halijakaa sawasawa: legeza ekseli, bonyeza baiskeli chini kwa uzito wako, kaza tena.

Sababu ya mwisho kabisa ni uzito wa baiskeli, ingawa ndiyo ya kwanza kutajwa dukani. Kama wewe na baiskeli yako mna kilo 90, kupunguza kilo 2 kunakupa nafuu ya takriban asilimia 2 mlimani. Fedha hizo zitumie kwenye kaseti (fungu la gia za nyuma kwenye baiskeli zisizo na friwili), tairi la mbele na viatu vyenye soli ngumu.

Acha kupanda mara moja na utafute daktari kama kifua kinauma au kinabana, maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya, unaona giza, moyo unapiga bila mpangilio, au unaacha kutoka jasho huku unachanganyikiwa kwenye joto. Ukiwa juu ya mita 2,500, kichwa kikiuma pamoja na kutapika, au ukikohoa na kukosa pumzi hata umekaa, teremka usiku huohuo, usisubiri asubuhi. Mwenye shinikizo la damu, pumu au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari kabla ya mlima wa kwanza.

## Cheni inaruka, inadondoka, au gia haiingii

Haya ni matatizo matatu tofauti, na fundi akiambiwa tu kwamba cheni ni mbovu atauza cheni mpya.

Gia haiingii mlimani lakini inaingia tambarare. Hapa kosa ni la wakati. Cheni iliyobeba uzito wako wote haiwezi kupanda jino jingine. Badilisha kabla ya mlima kusimama, gia moja moja. Ukishachelewa: kanyaga kwa nguvu nusu mzunguko ili upate kasi kidogo, legeza mguu kwa mzunguko mmoja huku pedali zikizunguka, bonyeza leva katika mzunguko huo mwepesi, kisha endelea. Wenye gia mbili au tatu mbele washushe ya mbele wakiwa bado tambarare, na papo hapo wapandishe ya nyuma gia moja au mbili nzito, la sivyo miguu itazunguka bure na kasi yote ipotee.

Gia haiingii hata baiskeli ikiwa imeinuliwa. Angalia waya kwanza. Kama cheni inasitasita kupanda kwenye gia kubwa ya nyuma, waya umelegea: zungusha kirekebishi cha waya kinyume cha saa, robo mzunguko, jaribu, rudia. Kama inasita kushuka kwenye gia ndogo, waya umekaza mno au ala yake imejaa kutu na vumbi. Waya na ala havina gharama kubwa. Badilisha vyote pamoja.

Cheni inadondokea ndani, kwenye spoki. Usipande tena hadi hili litatuliwe. Kibadilisha gia kikinaswa na spoki, gurudumu linasimama ghafla na sehemu tatu zinavunjika kwa mpigo. Tazama kwa nyuma cheni ikiwa kwenye gia kubwa: kigurudumu cha juu cha kibadilisha gia kiwe chini yake moja kwa moja, si ndani zaidi. Kikizidi, zungusha skrubu yenye herufi L kwa bisibisi, robo mzunguko kufuata saa. Kisha tazama vigurudumu viwili, cha juu na cha chini: visimame kwenye mstari mmoja ulio sambamba na gia. Kama cha chini kimeinamia ndani, sikio la fremu linaloshikilia kibadilisha gia limepinda. Hilo halinyooshwi kwa mikono wala nyundo, hasa likiwa la alumini. Fundi ana kifaa cha kulipima, au unanunua jipya linalolingana na fremu yako.

Cheni inaruka meno ukikanyaga kwa nguvu. Ipime. Chukua rula, weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, hesabu pingili 24 ndogo. Cheni mpya inaishia milimita 304.8. Ikifika 306.4, ibadilishe. Ikifika 307.8 imeshakula kaseti, na cheni mpya peke yake itaruka vibaya kuliko ya zamani. Utanunua vyote viwili. Kama kipimo ni kizuri, zungusha pedali kinyumenyume taratibu na utafute pingili moja isiyokunjika vizuri. Mara nyingi ni pale cheni ilipounganishwa. Ikunje kushoto na kulia kwa vidole, tia tone la oili. Kuosha cheni kwa mafuta ya taa kunaruhusiwa, ila ikaushe kabisa kabla ya kuitia oili, na ufute ya juu kwa tambara, kwa sababu oili inayobaki nje inakusanya vumbi.

Kuna dalili inayofanana na hii lakini ni hatari zaidi: pedali inazama mbele bila cheni kuruka, kana kwamba imekatika. Hapo vijino vya ndani ya friwili au habu (kitovu cha gurudumu) havishiki. Utaangukia bomba la fremu au usukani. Shuka, sukuma hadi kwa fundi. Habu inafunguliwa, inasafishwa na kupakwa grisi nyepesi, au friwili inabadilishwa.

## Umesimama katikati ya mlima na huwezi kuondoka

1. Chagua mahali, usianze pale ulipokwama. Rudi mita moja mbili hadi penye udongo ulioshikana au palipo na jiwe la kuegemeza mguu.
2. Weka gia moja au mbili nzito kuliko ile nyepesi kabisa. Ukianza na nyepesi kabisa, tairi la nyuma litazunguka bure au la mbele litainuka. Kubadilisha ukiwa umesimama: inua tandiko kwa mkono, zungusha pedali kwa mguu.
3. Elekeza baiskeli mshazari wa njia, si juu moja kwa moja.
4. Bana breki zote mbili. Kaa kwenye ncha ya tandiko, mguu wa upande wa juu wa mlima ukiwa chini.
5. Pandisha pedali ya mguu wenye nguvu hadi mahali mkono wa saa unapoonyesha saa mbili ya Kizungu, juu kidogo ya mlalo.
6. Kanyaga na uachie breki kwa wakati mmoja. Mguu wa pili usitafute katikati ya pedali yake. Ukanyage popote, zungusha mara mbili, ndipo urekebishe.

Ikishindikana mara tatu, sukuma hadi mwinuko utulie. Nguvu zinazoishia hapo utazihitaji juu.

## Kona kali na mizizi

Kwenye kona inayogeuka karibu kinyumenyume, anayeanza hukata ndani kwa kuwa ni karibu. Ndani ndiko kunakosimama zaidi. Ingia kwa nje kabisa, geuza kichwa na mabega kutazama njia inakotokea, usitazame ukingo, na uendelee kuzungusha pedali wakati wote. Kasi ikikuzidi, gusa breki ya nyuma kidogo huku ukikanyaga, inaituliza baiskeli.

Pedali ikigonga mawe, usiongeze urefu wa tandiko. Zungusha nusu: sukuma robo mzunguko, rudisha nyuma, sukuma tena, hadi jiwe lipite. Kwa mzizi au ngazi ya jiwe, hatua ni mbili zilizotengana. Inua la mbele kwa mkanyago mmoja pamoja na kurudisha mabega nyuma. Likishavuka, peleka uzito mbele ili la nyuma lipande bila kubeba mzigo. Wengi husahau nusu ya pili, ndiyo maana hukwama baiskeli ikiwa imelala juu ya mzizi. Sentimita 10 zinatosha kwa mwezi wa kwanza.

## Maumivu

Goti likiuma mbele, tandiko liko chini au gia ni nzito. Likiuma nyuma, tandiko liko juu. Likiuma pembeni, wayo umelazimishwa kuelekea upande usio wake. Mwenye pedali za kubana kiatu alegeze na kugeuza kibano kidogo kidogo. Rekebisha milimita 3 kwa mara moja na upande safari mbili kabla ya kurekebisha tena.

Kiuno kikiuma, gia nzito inaongoza tena, ikifuatwa na ncha ya tandiko iliyoelekea juu. Iinamishe nyuzi moja au mbili chini, si zaidi, maana utateleza mbele na mikono itafa ganzi. Mikono ikifa ganzi kwenye tandiko lililonyooka, unaubana usukani mno: ukiwa unapanda, vidole vicheze kama vya mpiga kinanda.

Goti lililovimba, linalojifunga, au linalouma usiku halitibiwi kwa spana. Vivyo hivyo ganzi inayobaki saa kadhaa baada ya kushuka, na maumivu ya mgongo yanayoteremka mguuni. Nenda hospitali.

## Baiskeli inanesa au inalia kila mkanyago

Ikinesa, funga shokabsoba ya mbele, na ya nyuma kama ipo, kwa swichi yake, kisha ukumbuke kuifungua kabla ya kuteremka. Baiskeli za bei nafuu zenye springi nyuma hazina swichi. Hapo dawa ni kukaa na kuzungusha laini.

Mlio ni uchunguzi wa kuondoa kimoja kimoja. Ukinyamaza ukisimama, unatoka kwenye tandiko au nguzo yake: itoe, ifute, paka grisi kama fremu na nguzo ni za chuma au alumini, rudisha hadi alama ileile. Usipoisha, fungua pedali, safisha nyuzi za skrubu yake, paka grisi, kaza. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungusha kufuata saa, na wengi wameharibu krenki kwa kulazimisha. Kisha kaza bolti za gia ya mbele.

Ukiendelea kulia na krenki inacheza mkononi, kaza bolti yake ya katikati kwa spana ndefu, kisha uipime tena baada ya kilomita chache. Ikilegea mara ya pili, tundu la pembe nne la mkono wa krenki limeshapanuka, na hakuna kukaza kutakakolirudisha. Usiipandie mlima baiskeli hiyo. Baiskeli ipelekwe kwa fundi ikisukumwa, na uagize mkono mpya wa upande huo, wenye urefu uleule wa milimita ulioandikwa nyuma yake, mara nyingi 170 au 175.